Karatasi isiyo na kichwa wala mguu inatugharimu

Mwezi wa tano mwaka 2024 nilikuwa Kasongo kwa kazi ya habari. Asubuhi ya siku ya tano, tarehe 10, nilikuta vijana wapatao ishirini wameketi mbele ya biro moja ambayo sitaitaja jina. Baadhi yao walitoka Nyangwe kwa kinga, wengine walikuja kwa pikipiki kutoka upande wa Kabambare, na dada mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Kila mmoja alikuwa na farde mkononi: diploma, atestasyo ya kuzaliwa, fotokopi ya karte ya uchaguzi. Walikuwa wamekuja kufanya mtihani wa kazi.

Mtihani haukuwapo. Mlinzi wa ile biro hakuwa na habari yoyote. Vijana wakamwonyesha karatasi waliyokuwa nayo, fotokopi ya fotokopi, iliyobandikwa kwanza kwenye ukuta karibu na soko na kisha kupita kutoka mkono hadi mkono mpaka vijijini. Ilisema watahiniwa wafike siku ya tano, tarehe 12 mwezi wa tano, saa mbili za asubuhi. Mwaka haukuandikwa. Tena kwenye kalenda ya 2024 tarehe 12 ilianguka siku ya Mungu, si siku ya tano. Ndiyo sababu kundi moja lilifika tarehe 10 kwa kufuata jina la siku, na kundi lingine likafika tarehe 12 kwa kufuata hesabu. Wote walikosa.

Nilipopata mtandao jioni, nilitafuta lile tangazo kwenye intaneti na nikalipata bila shida. Lilikuwa tangazo la kweli, si la uongo. Lakini lilitolewa mwaka 2023, mwaka ambao tarehe 12 mwezi wa tano ilikuwa kweli siku ya tano. Mtihani ulikuwa umefanyika na kwisha mwaka mzima kabla vijana hawa hawajauza kuku na kukopa pesa ya safari.

Nilitaka kujua kosa lilitokea wapi. Nikaenda kwenye sekretaria iliyochapa ile karatasi, kibanda chenye kompyuta moja, imprimante moja na jenereta nyuma ya ukuta. Kijana mwenye kazi alinipokea vizuri, hakuficha kitu.

"Yaya, ile nilichapa mimi," akaniambia. "Mteja alileta anwani kwenye simu, nikafungua, nikachapa."

"Ilikuwa na mwaka?"

"Juu kabisa kulikuwa maandishi madogo madogo, na chini pia. Mimi huwa ninayatoa. Wateja hawayapendi, wanasema yanachafua karatasi."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nina makala ya kuandika. Maandishi yale madogo ya juu na ya chini, ambayo yule kijana aliyatoa ili kumfurahisha mteja, ndiyo yangewaokoa wale vijana ishirini. Kwetu mtu akisema jambo lisiloeleweka tunamwambia maneno yake hayana kichwa wala mguu. Siku hizi tuna karatasi za namna hiyo, zimejaa kwenye kuta za biro zetu, kwenye milango ya makanisa na misikiti, kwenye farde za walimu. Maoni yangu ni haya: karatasi yoyote iliyotolewa kwenye intaneti na kuonyeshwa kwa watu lazima ibebe kichwa chake na mguu wake, yaani itaje ilikotoka, siku iliyotolewa, na ukurasa ni wa ngapi kati ya ngapi. Isipokuwa nazo, tusiibandike.

Kuna watakaoniambia kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba Maniema ina matatizo makubwa zaidi: barabara, usalama, shule zisizo na paa. Ni kweli. Lakini wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wenye mtandao mfukoni. Kindu au Bukavu mtu akipewa karatasi ya mashaka, anafungua simu na kuhakikisha mwenyewe. Nyangwe sivyo. Katika vijiji vingi vya Kasongo na Kabambare, intaneti hufika ikiwa imeshageuka karatasi. Mtu mmoja huisoma mjini, huichapa, na mamia huitegemea. Kwao ile karatasi ndiyo intaneti yenyewe. Ikikatwa kichwa na mguu, wanapoteza njia pekee ya kujua kama waiamini au waiache.

Tuangalie kwanza mambo yanavyofanyika, kwa sababu wengi hawajui kwamba kompyuta hutoa msaada huu bila malipo. Ukifungua ukurasa wa intaneti kwa Chrome kwenye kompyuta na kuamuru uchapwe, programu yenyewe huandika tarehe na saa kwenye kona ya juu kushoto, na jina la ukurasa katikati. Chini kushoto huandika anwani ya ukurasa, na chini kulia namba, kwa mfano 2/5, yaani ukurasa wa pili kati ya mitano. Firefox hufanya vilevile ila hubadilisha nafasi: jina na anwani hukaa juu, namba ya ukurasa na tarehe hukaa chini. Hakuna anayehitaji kuandika chochote kwa mkono.

Msaada huu hupotea kwa njia nne ninazozijua. Ya kwanza ni ile ya kijana wetu: kuondoa alama kwenye kisanduku. Katika kompyuta nyingi za kwetu, ambazo husema Kifaransa, kisanduku hicho kimeandikwa "En-têtes et pieds de page" na hukaa ndani ya sehemu ya "Plus de paramètres". Mtu akiiondoa alama mara moja kwa ajili ya mteja mmoja, mara nyingi mashine hukumbuka uamuzi huo, na wateja wote wanaofuata hupata karatasi tupu juu na chini bila mtu kujua.

Ya pili ni pembezoni. Watu wanaotaka kubana maneno mengi kwenye karatasi moja huchagua "Aucune" kwenye sehemu ya "Marges". Pembezoni zikifutwa, kichwa na mguu havina mahali pa kukaa, na Chrome huviondoa. Tena imprimante nyingi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni kabisa mwa karatasi. Milimita chache za mwisho hubaki nyeupe hata ukilazimisha. Anayebana pembezoni ili kuokoa karatasi mara nyingi hupoteza hata mstari wa kwanza au wa mwisho wa habari yenyewe.

Ya tatu ni kipimo cha karatasi. Sisi tunatumia A4, ambayo ina milimita 210 kwa 297. Kompyuta zinazokuja zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani hudhani karatasi ni ile inayoitwa Letter, milimita 216 kwa 279. Letter ni pana zaidi lakini fupi zaidi. Ukichapa bila kurekebisha, maneno ya pembeni huweza kukatwa, na maandishi ya chini hukaa mahali yasipotakiwa. Kurekebisha ni kazi ya nusu dakika: chagua A4 mara moja na uache hivyo.

Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo inayotumika zaidi. Mtu hafungui ukurasa kabisa. Anapiga picha ya kioo cha simu, anaituma kwa WhatsApp, na sekretaria anachapa ile picha. Au ananakili maneno na kuyabandika ndani ya Word, anayapanga upya kwa herufi kubwa, na kuchapa. Hapo hakuna kisanduku kitakachosaidia. Picha imeshakata anwani, na Word haijui maneno yametoka wapi. Mara nyingi hata jina la aliyeandika limebaki nyuma. Nimeshaona tangazo la wizara na uvumi wa kijiweni vikiwa vimechapwa kwa njia hii, kwa herufi zilezile, vimebandikwa bega kwa bega. Hakuna mtu aliyeweza kutofautisha.

Niseme pia ukweli usiopendeza: hata kichwa kilichochapwa vizuri kinaweza kudanganya. Tarehe ambayo Chrome au Firefox huiweka ni ya siku ya kuchapa, si ya siku ambayo habari ilitolewa. Yule kijana wa Kasongo angeacha maandishi yale, juu kungeonekana tarehe aliyochapa yeye, mwaka 2024, na mtu asiyejua angedhani tangazo ni la mwaka huo. Kilichokuwa kiwaokoe vijana ni anwani, maana ile anwani ilikuwa na mwaka 2023 ndani yake, pamoja na jina la ukurasa lililotaja mwaka huohuo. Kwa hiyo kichwa na mguu ni vya kusomwa vyote pamoja. Tarehe peke yake haitoshi.

Jambo lingine ni saa ya kompyuta. Pale ambapo umeme ni wa jenereta au wa paneli za jua, mashine huzimika ghafla mara nyingi, na betri ndogo inayolinda saa ndani yake huchoka. Ikichoka, kompyuta ikiwashwa inarudi kwenye tarehe ya zamani ya kiwandani. Nimewahi kushika karatasi iliyodai kuchapwa tarehe mosi mwezi wa kwanza wa mwaka ambao ile shule iliyotajwa ndani yake haikuwa imejengwa. Mwenye sekretaria angeangalia saa kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, tatizo hilo lisingekuwapo.

Sasa niwarudishe Nyangwe, kwa sababu mji huu una somo la karatasi kuliko mji mwingine wowote ninaoujua katika inchi yetu.

David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa mwezi wa tatu mwaka 1871. Alikaa pale, kando ya Lualaba, miezi zaidi ya mitatu akitafuta mitumbwi ya kuvukia. Karatasi ilikuwa imemwishia na wino pia. Akachukua gazeti la zamani la London, The Standard la tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mwaka 1869, akaandika juu yake, akikata mistari iliyochapwa kwa mistari yake ya mkono. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea wa huku kwetu. Humo ndimo alimoandika yaliyotokea tarehe 15 mwezi wa saba 1871, siku ya soko, pale watu wenye bunduki walipowafyatulia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake, na wengine wakafa maji wakijaribu kuogelea Lualaba. Hesabu iliyotolewa na wafanyabiashara wenyewe, ambayo Livingstone aliiandika, ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Hilo ni jeraha la Nyangwe hadi leo.

Wino ule ulififia na karatasi ikaoza. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walisoma nakala tu: Livingstone alikuwa amenakili upya maelezo yake katika daftari lingine, na mwaka 1874, baada ya kifo chake, Horace Waller akayatoa kama kitabu. Ndipo wataalamu walipoyapiga picha yale mabaki ya gazeti kwa mwanga wa rangi mbalimbali, wakaweza kuyasoma tena, na mwaka 2011 wakayaweka kwenye intaneti, bure kwa kila mtu. Walipolinganisha, waliona kwamba maandishi ya kwanza, yale ya Nyangwe yenyewe, hayalingani kila mahali na yale aliyonakili baadaye. Katika kunakili, mambo fulani yalibadilishwa.

Fikiri basi juu ya mwalimu wa historia wa Nyangwe au Kasongo anayetaka kuwafundisha wanafunzi habari ya soko lao. Anakwenda mjini, anachapa kurasa nne. Je, amechapa maandishi ya 1871, au nakala iliyofuata, au kitabu cha 1874, au maoni ya mtu fulani aliyeandika juzi? Ni vitu vinne tofauti. Kama kurasa zake zina kichwa na mguu, mwanafunzi anaona, na mwalimu mwenzake wa Kabambare akipewa fotokopi anaweza kuzifuata. Kama hazina, basi baada ya miaka miwili zitakuwa "karatasi za mwalimu fulani", na mtu yeyote atakayetaka kukanusha mauaji yale atasema: leteni ushahidi, mmetoa wapi? Mababu zetu walikufa mara moja. Kumbukumbu yao tusiiue kwa sababu ya kisanduku kisichotiwa alama.

Tena tunajua gharama ya tarehe iliyopotea. Stanley alisema alikutana na Livingstone Ujiji tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1871. Hesabu ya Livingstone inaweka jambo hilo mapema zaidi, mwezi wa kumi. Walikuwa watu wawili wenye kalamu, nao walikutana siku moja, lakini hadi leo wasomi wanabishana ilikuwa siku gani. Ikiwa hao walipotea, sisi na fotokopi zetu tutasemaje?

Historia inaweza kusubiri, lakini mambo ya ardhi na madini hayasubiri. Kabambare ina dhahabu. Kila mtu anajua habari ya Namoya na Salamabila. Kwenye vijiji vya huko mgeni huweza kufika na ramani iliyochapwa, yenye rangi nzuri, na kumwambia shefu: eneo hili ni letu, tazama kibali. Ramani za vibali vya madini zinapatikana kwenye intaneti, na hilo ni jambo jema. Lakini vibali hutolewa, hugawanywa, huuzwa na kufutwa. Ramani ya miaka mitano iliyopita inaweza kuwa ya kweli siku ile na ya uongo leo. Shefu asiyekuwa na intaneti amwulize mgeni maswali matatu kabla ya kumpa kiti cha pili: Papa, karatasi hii umeitoa kwenye anwani gani? Umeitoa siku gani? Huu ni ukurasa wa ngapi, na kurasa nyingine ziko wapi? Mgeni mwenye nia njema atajibu. Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana, maana mara nyingi masharti, yale yanayolinda kijiji, hukaa kwenye ukurasa ambao haukuletwa. Namba 1/6 inamwambia shefu kwamba kurasa tano hazijafika.

Serikali yenyewe imeshaona kwamba maandishi ya kompyuta ni jambo la kisheria. Inchi yetu ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, na maandishi ya elektroniki yamo ndani yake. Sheria ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi kijijini ikiwa karatasi inayofika haionyeshi imetoka kwa nani.

Najua pingamizi. Wenye sekretaria watasema wino ni ghali. Maneno ya kichwa na mguu ni mistari miwili midogo kwa kila ukurasa. Kinachokula wino ni picha za matangazo ya biashara na rangi za nyuma, na hizo ndizo za kuondoa; kipo kisanduku chake kinachoitwa "Graphiques d'arrière-plan", kisitiwe alama. Wateja watasema karatasi inakuwa chafu. Kwa barua ya kuomba kazi au mwaliko wa ndoa, wana haki: hizo si kurasa za intaneti na hazihitaji anwani. Tena iko hali ambapo kuondoa ni lazima. Anwani ya ukurasa wa matokeo ya mtihani au wa akaunti ya mtu inaweza kuwa na namba yake ya siri ndani yake. Karatasi kama hiyo usiibandike ukutani na mguu wake. Ninachodai kinahusu yale yanayotangazwa kwa wote: matangazo, orodha, amri, habari, ramani, masomo.

Wengine watasema kwamba anwani inaweza kughushiwa. Inaweza, kama vile kashe inavyoweza kuchongwa kwenye soli ya kandambili, na tumeshaona. Lakini hatujaacha kutumia kashe. Anwani haithibitishi kwamba jambo ni la kweli. Inampa mtu mahali pa kwenda kuuliza. Karatasi ya uongo yenye anwani hukamatwa siku ya kwanza na mtoto yeyote mwenye simu. Isiyo na anwani huishi miaka.

Mzigo huu usibebwe na wenye sekretaria peke yao. Sisi tunaotengeneza kurasa tuna lawama kubwa zaidi. Kabla ya kuandika makala haya nilichapa moja ya habari zangu mwenyewe. Ilitoka karatasi sita. Ya kwanza ilikuwa menyu na tangazo la biashara. Habari ilianza kwenye ya pili, bila jina langu na bila tarehe, kwa sababu vyote viwili vilikuwa vimewekwa kwenye sehemu ambayo haikuchapwa. Karatasi mbili za mwisho zilikuwa picha za habari nyingine. Nilijisikia aibu. Msomaji wa Nyangwe alilipia karatasi sita ili apate moja na nusu, tena isiyo na jina la mwandishi.

Kwa mafundi wanaotengeneza kurasa za biro na za magazeti, dawa inajulikana zamani. Lugha ya kupanga sura za kurasa, CSS, imekuwa na sehemu maalumu ya uchapaji tangu toleo la pili la mwaka 1998. Mnaweza kuandika amri moja inayosema: karatasi inapochapwa, ficha menyu na matangazo, acha jina la biro, jina la mwandishi, tarehe ya kutolewa na anwani. Kama ni jedwali refu, kwa mfano orodha ya majina, wekeni vichwa vya safu ndani ya thead, na kivinjari kitavirudia juu ya kila ukurasa; msomaji wa ukurasa wa nne hatauliza tena safu hii ni ya nini. Muwe waangalifu na ile njia ya mkato ya kukigandisha kichwa mahali pamoja kwa position: fixed. Kweli hurudiwa kila ukurasa, lakini kuanzia ukurasa wa pili huweza kufunika mistari ya habari, na jina la mtu mmoja kwenye orodha likafichwa chini yake. Mtu huyo atadhani ameachwa. Njia safi ya kuandika ndani ya pembezoni za ukurasa, kwa @page, ilikuwa kwenye vitabu vya mafundi kwa miaka mingi lakini vivinjari havikuitii. Chrome ilianza kuitii mwishoni mwa mwaka 2024. Hata hivyo msiitegemee peke yake, maana kompyuta nyingi za kwetu bado zina programu za zamani. Andikeni tarehe na jina ndani ya habari yenyewe, juu ya mstari wa kwanza, mahali ambapo hapana mkasi unaoweza kufika kirahisi. Na tarehe iwe na mwaka. Daima mwaka.

Kwa wakuu wa teritware, wa sekta na wa shule, ombi langu halihitaji bajeti. Mwekeni mtu mmoja mwenye ruhusa ya kubandika ukutani. Kabla ya kubandika, aangalie kama karatasi ina anwani, tarehe yenye mwaka, na namba za kurasa. Kama imetoka kwenye picha ya WhatsApp, aandike kwa kalamu: imetoka kwa nani, imepokelewa siku gani. Aandike pia siku ya kuibandua, na siku hiyo ikifika aibandue. Kuta zetu zimejaa matangazo yaliyokufa ambayo bado yanawaita watu.

Na kwa wenye sekretaria wa Kasongo, Samba, Kabambare na kwingineko: ninyi ndio mlango wa intaneti kwa maelfu ya wakaaji wa Maniema ya kusini. Kazi yenu ni ya habari kama yangu. Tieni alama kwenye kile kisanduku, wekeni A4, angalieni saa ya mashine. Mteja akilalamika kwamba maandishi madogo yanachafua karatasi, mwambieni habari ya vijana ishirini.

Nilipoondoka Kasongo jumatatu ile, yule dada mwenye mtoto alikuwa bado hajapata pikipiki ya kurudi. Alikuwa amekunja ile karatasi mara nne na kuiweka ndani ya farde pamoja na diploma yake. Nilimwuliza kwa nini haitupi. Akasema anataka kumwonyesha baba yake, aliyempa pesa ya safari, ili asidhani kwamba alimdanganya. Nilichukua kalamu yangu, nikaandika juu ya karatasi ile anwani ya tangazo na mwaka wake, 2023. Akasoma, akanishukuru, akairudisha ndani ya farde.